Vyuma vya Kaka na Mtani Wake

Kaa upande huu wa baraza, ndugu yangu unayenisikiliza, maana upande ule malori ya Morogoro yakipanda mlima hutasikia neno. Nitakueleza taratibu. Ukikwama nirudishe nyuma, sitachukia. Nimefundisha baiolojia sehemu kubwa ya maisha yangu na kurudia ndiyo kazi niliyoizoea.

Yule unayemwona mlangoni, kwenye kiti cha kamba, mito imepangwa mgongoni na miguu iko juu ya stuli, ni kaka yangu mkubwa. Miguu hiyo ilikuwa myembamba kama mpini wa jembe. Sasa ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Halali chali, kwa sababu akilala chali maji yanamjaa mapafuni na anaanza kuitafuta hewa. Hapa ni kwangu, Misugusugu, Kibaha. Kwake ni Kisarawe, mlimani, penye mihogo na mikorosho aliyoachiwa na baba. Kila asubuhi ananiuliza swali lilelile.

"Mwalimu, narudi lini?"

Namjibu, "Tutaona, kaka." Halafu mimi namwagilia mchicha, yeye anatazama barabara.

Ilianza siku aliyokuja kunitembelea, yeye na wifi yangu, wamebeba kiroba cha mihogo. Niliwapokea kituoni tukatembea kuja nyumbani. Njia ina kilima kidogo, kilima ambacho wanangu walikuwa wanakipanda wakikimbizana. Kaka akawa anasimama. Anasimama mbele ya nyumba ya mtu, mikono nyuma, anaitazama kama anataka kuinunua.

"Huyu naye kajenga lini?"

"Zamani, kaka. Ulipita hapa Idi."

"Mmejenga sana huku." Tunatembea kidogo, anasimama tena. "Na geti hili?"

Nikamtazama usoni. Jasho lilikuwa linamtoka, na upepo ulikuwa unavuma.

"Kaka, unabanwa kifua?"

"Nabanwa na nini? Natazama maendeleo."

Wifi alikuwa nyuma yetu, kiroba kichwani. Akasema, "Hata Kisarawe siku hizi anatazama maendeleo. Anaitazama mikorosho yake mwenyewe, mkorosho baada ya mkorosho."

Jioni ile, baada ya chai, alikubali kusema. Akipanda mlima, anahisi kama mtu mnene amemkalia hapa katikati. Wakati mwingine maumivu yanapanda mpaka kwenye taya, akadhani ni jino bovu. Akisimama, mtu yule mnene anainuka na kwenda zake. Ndiyo maana alikuwa anasimama.

Nilimpeleka mjini kwa madaktari wa moyo. Walimwingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakaupitisha hadi moyoni, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye picha. Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko kitinda mimba wetu, na alianza kwa kumwamkia kaka kabla ya kumweleza lolote. Akatuonyesha skrini. Mishipa mingine ilipita kama mito wakati wa masika. Ule wa mbele, unaoteremka juu ya uso wa moyo, ulikuwa uzi.

"Wengi wanabanwa mahali pamoja," alisema. "Baba umebanwa kwa urefu. Kuanzia hapa, mpaka huku chini."

Kaka aliitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia mbele ya daktari. Nilimjua. Hakuwa ameelewa, na mimi sipendi mtu aitikie asichokielewa.

Kesho yake nikaenda bucha nikanunua moyo wa ng'ombe, mzima. Nikauweka kwenye sinia juu ya jamvi, hapahapa ulipokaa wewe.

Wifi akashika kiuno. "Mgonjwa huyu unampikia au unamfundisha?"

"Vyote viwili, wifi."

"Mwache," kaka akasema. "Darasa la nne sikumaliza. Leo namalizia."

Nikamweleza kama nitakavyokueleza wewe. Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini nyama yake hainywi damu ile iliyoibeba ndani. Ni kama mwanamke aliyejitwika ndoo: hawezi kuyanywa maji ya kichwani mwake, mpaka mtu ampe kikombe. Kikombe cha moyo ni mishipa hii midogo inayotambaa kwa nje. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya mshipa wa mbele, uliolala kwenye mafuta yake. Akausikia. Akasema, "Kumbe ni kadogo hivi."

Halafu nikaufungulia mpira wa kumwagilia. Nikaukunja mahali pamoja, maji yakapungua. Nikamwambia, mtu wa namna hii anawekewa chuma kimoja, yamekwisha. Kisha nikaukanyaga, nikamwita wifi naye aukanyage, tukaipanga miguu yetu minne juu yake, kisigino kwa kidole.

"Wako ndio huu, kaka. Huwezi kusema kasoro iko wapi. Iko pote."

Akatutazama sisi na mpira wetu. "Kwa hiyo nimekanyagwa na wanawake wawili," akasema. "Hilo nililijua hata bila hospitali."

Moyo ule wifi aliukaanga kwa ndimu na pilipili. Tulicheka sana jioni ile. Nakwambia ili ujue kwamba tulicheka.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni upasuaji: kifua kinafunguliwa, mshipa mwingine unashonewa chini ya pale palipobana, damu inapata njia ya kuzungukia. Daktari aliipendelea hiyo, na hakuficha. Kaka akakataa. "Mimi si kuku wa sikukuu nipasuliwe kifua." Na mapafu yake, kwa tumbaku ya ujanani, hayakuwa ya kuyategemea.

Ya pili ni stenti. Pengine umesikia watu wakisema fulani kawekewa vyuma, ndiyo hiyo. Ni kijineti cha chuma kimefungwa juu ya kiputo kidogo. Kinapitishwa kwenye mrija uleule wa mkononi mpaka palipobana, kiputo kinajazwa, neti inatanuka na kuusukuma ukuta wa mshipa, kiputo kinatolewa. Neti inabaki humo siku zote. Pakiwa pamebana kwa urefu, kimoja hakitoshi. Wanapanga kimoja, cha pili, pengine na kingine, ncha ya hiki ikilalia ncha ya kile, kama mabati ya paa, pasibaki upenyo.

Binti yule daktari akakaa kwenye kiti, macho yake sawa na ya kaka. "Baba, kuna jambo nataka ulijue kabla. Nikijaza vyuma mpaka huku chini, siku nyingine tukitaka kushona mshipa, hatutakuwa na pa kushonea. Sindano haiingii kwenye chuma."

"Nimesikia, mwanangu."

"Na vidonge. Chuma kikiwa kipya, damu inakiona kama kidonda, inataka kugandia hapo. Mpaka ngozi ya ndani ya mshipa iote juu yake. Chako ni kirefu, kuna eneo kubwa la kufunikwa. Kwa hiyo aspirini hii, na hiki cha rangi ya waridi, kila siku. Ukiumwa, ukipona, ukisafiri. Usikatwe mahali, using'olewe jino, kabla hujanipigia."

Kaka akarudia yote, neno kwa neno. Mimi mwalimu, nilikuwa nasikiliza kama nasikiliza mtihani wa mdomo, na alifaulu.

Akawekewa. Alikuwa macho wakati wote, akaniambia baadaye kwamba aliuona moyo wake mwenyewe ukipiga kwenye skrini, na kwamba ulimwonea haya. Tuliporudi Misugusugu tulikipanda kile kilima mfululizo mpaka mlangoni.

"Leo hutazami maendeleo?" wifi akamuuliza.

"Nimeshayaona."

Kama ningeweza kuisimamisha hadithi, ningeisimamisha hapo.

Alirudi Kisarawe. Nilimfuata baada ya muda, nikamkuta na panga anapogoa mikorosho. Tulipopanda shambani, niliyesimama kupumua nilikuwa mimi. Nikaangalia kwenye mkebe wake wa dawa, vidonge vya waridi vilikuwa vinapungua sawasawa na siku. Nikarudi Kibaha nimetulia.

Sasa nikwambie juu ya mtani wake. Babu wa mtu huyo alitoka Tabora, sisi ni Wazaramo, na unajua mwenyewe jinsi Wanyamwezi na Wazaramo wanavyofanyiana. Wamekua pamoja, wameswali pamoja, wamelima mashamba yaliyopakana. Sijawahi kuwasikia wakisalimiana kwa heshima. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, anaanzia mbali.

"Mtumwa wangu, hujafa tu?"

"Nitakufaje, na mchimba kaburi ni wewe? Utalichimba fupi, miguu ibaki nje."

Mtani huyu ni mpiga chuku, kazi ambayo siku hizi wengi wanaiita hijama. Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, kaka alikuwa anampelekea mgongo. Anawekewa vikombe, ngozi inavutwa, inachanjwa kidogo kwa wembe, damu nzito inatoka. Baba alifanyiwa hivyo na babu wa mtani huyuhuyu. Sisemi neno baya juu ya chuku. Watu wanapata nafuu, wengine ni ibada kwao, na mtani mikono yake ni misafi. Nakueleza tu kilichotokea, kama nilivyokisikia kwa wifi aliyekuwa ameshika beseni.

Damu haikusimama. Kikombe kilijaa, kikamwagwa, kikajaa. Mtani akatania, "Mtumwa wangu, hii si damu, hii ni juisi ya ukwaju." Kaka akacheka, mgongo ukatikisika, ikatoka zaidi. Wakaminya kwa kitambaa, wakabadilisha kitambaa. Adhana ya Alasiri ikapita, ya Magharibi ikakaribia, vidonda bado vilikuwa vinalia. Utani ukaisha. Mtani akamzunguka akaja kumwangalia usoni.

"Unameza kitu gani?"

Kaka akamwonyesha mkebe.

"Damu yako imekuwa nyepesi mno. Mtu akiwa hivi, akijikwaa tu ameisha. Vipumzishe hivi kwanza, vidonda vifunge, upate nguvu ya kufunga mwezi."

Umeona? Hakuwa mjinga. Alichokiona kwa macho yake kilikuwa kweli: damu ilikuwa nyepesi, na ilikuwa nyepesi kwa sababu ya vidonge. Alikosa kuona kitu kimoja tu, vile vyuma, na vyuma havionekani mgongoni.

Wifi akasema, "Tumpigie mwalimu."

"Mwalimu?" kaka akasema. "Ataniletea ng'ombe mzima safari hii."

Akavipumzisha. Vidonda vikafunga. Akajisikia mwepesi, amesafishwa, kifua hakibani, na mwezi ulipoandama akafunga kama kijana. Kwa nini avirudie? Mtu anayejisikia mgonjwa hukumbuka dawa. Yeye alijisikia amepona.

Asubuhi moja katika kumi la kwanza la mwezi alikwenda kuchimba mihogo ya futari. Wifi alimkuta amekaa kwenye tuta, jembe mapajani, midomo imekuwa rangi ya majivu. Hakusimama kutazama maendeleo. Alisema tu, "Amenikalia, na safari hii hainuki."

Pikipiki ilimshusha barabarani, gari la jirani likamchukua hadi mjini. Nilipofika kutoka Kibaha walikuwa wameshamwingiza. Damu ilikuwa imeganda ndani ya vyuma, kuanzia juu. Walifanikiwa kufungua sehemu, chini hawakufika.

Alipoweza kuongea, binti yule alikuja. Alimwamkia kama mara ya kwanza.

"Baba, vidonge?"

"Nilivipumzisha."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Daktari akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuomba usikatwe kabla hujanipigia."

"Sikukatwa, mwanangu," kaka akasema. "Nilipigwa chuku."

Hakuwa anabisha. Alikuwa anamweleza, kwa upole, kama mimi ninavyokueleza wewe. Kwake kukatwa ni kazi ya hospitali, ya watu wenye barakoa, na ni jambo la kuogopwa. Chuku ni kusafishwa, kama kuoga. Alilirudia katazo la daktari neno kwa neno na akalitii, na lenyewe lilikuwa limesimama mahali pengine kabisa. Nimefundisha watoto wengi. Sijui hata sasa ningeliuliza swali gani siku ile ili jambo hilo lijitokeze.

Nyama ya moyo ikikosa damu muda mrefu inakufa, na haioti tena kama kucha inavyoota. Uso wote wa mbele wa moyo wa kaka umekuwa kovu. Unatikisika, hausukumi. Niliuliza kuhusu upasuaji, ule tuliokuwa tumeukataa. Nilijua jibu. Daktari aliniwekea picha tena, mshipa wa mbele kutoka juu mpaka chini, chuma kitupu, mabati yaliyolaliana vizuri bila upenyo.

"Hakuna pa kushonea, mama."

Akatupa dawa za kupunguza maji mwilini, akatuambia tupunguze chumvi, tumpe raha. Neno hilo la raha, likitoka kwa daktari, nadhani unalielewa.

Kwa hiyo yuko hapa, karibu na barabara kuu, kwa sababu Kisarawe gari halimfikii mlangoni na mlima hauwezi. Choo chenyewe ni safari anayoipangia. Wifi anamwosha, mimi nampimia maji ya kunywa. Vidonge sasa anavimeza kabla hatujamkumbusha, anavihesabu kiganjani kama tasbihi. Hakuna mgonjwa mtiifu kama yeye Kibaha nzima, na utii huo hauna tena cha kuokoa.

Juzi mtani alikuja. Alikuwa amebeba mihogo, ya shamba la kaka, maana yeye ndiye analipalilia sasa. Nilimwona anaingia getini, nikasubiri aanzie mbali kama kawaida yake. Akaja kimya mpaka barazani. Akavua kofia.

"Pole, ndugu yangu."

Kaka akainua kichwa kutoka kwenye mito. "Ndugu yako nani? Mimi mtumwa wako."

Mtani akakaa. Akaitazama ile miguu juu ya stuli, akaondoa macho.

"Nitanie basi," kaka akasema. "Sema chochote. Sema habari za kaburi."

Lori likapita, na jingine. Mtani alifungua mdomo, nikaona anatafuta. Kisha akatikisa kichwa. "Leo sina."

Alikaa mpaka chai ikapoa, akaaga, akamshika kaka mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuna aliyemlaumu, kaka alikwisha kutukataza. Alipotoka getini kaka alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye ule mteremko.

"Huyo ameshaniona marehemu," akasema.

Wifi akainamia mihogo, akaanza kuimenya. Nilitaka kumwambia kaka neno la kumtia moyo; ndiyo tabia yangu, huwa silikosi. Nilimwekea vizuri mto mmoja uliokuwa umeteleza. Leo asubuhi ameniuliza tena atarudi lini, nami nimemjibu kama kawaida, na ameniitikia kwa kichwa, vilevile alivyomwitikia daktari mbele ya skrini.

Sasa wewe uliyenisikiliza. Kwa kaka hakuna nililobakiwa nalo la kufundisha. Kwako lipo, na ni dogo, unaliweza. Kama umewekewa stenti, au mzazi wako amewekewa, hasa kama mliambiwa ni ndefu, mwambie leo habari ya chuma na vidonge vyake kila mtu anayeigusa ngozi yako, au yake, kwa kitu chenye makali: mng'oa meno, mpiga chuku, mchanjaji, hata akiwa mtani wako. Kisha fungua mkebe, meza kidonge cha leo kwa maji, na usikipumzishe cha kesho mpaka daktari aliyekuwekea chuma akuambie kwa kinywa chake mwenyewe: sasa acha.